Kupita kwenye tope na pikipiki kubwa wakati wa masika, njia za Kigoma na Tabora

Wakuu, mvua za huku zinaanza Oktoba Novemba hivi zinaenda mpaka Aprili, kuna miaka zinagusa Mei, na kila msimu lazima tukutane na jamaa kaja na Africa Twin ya Honda au GS ya BMW safi kabisa kutoka Dar, lami kaitafuna vizuri, akiiacha tu hachukui muda yuko chini tope mpaka kwenye kioo cha helmeti. Afu wanapita madogo wa boda na Boxa zao, gunia mbili za muhogo nyuma, wanampa pole bila hata kupunguza mwendo. Hapo ndo watu wanapokosea hesabu, wanaona tatizo ni kwamba dogo anajua kuendesha na wao hawajui. Ujuzi upo sawa, ila kinachoamua ni uzito. Boxa ni kama kilo 120. Ténéré 700 ya Yamaha ikiwa na mafuta ni kilo 200 na kidogo, Africa Twin ya 1100 inaanzia 226, GS 1250 ni 249 na hapo hujaweka masanduku, hema, maji wala wewe mwenyewe. Dogo akikosea anashusha miguu yote miwili, anaiinua pikipiki upande wa nyuma anaitoa kwenye shimo anaendelea na safari yake. We ukishusha mguu kuzuia kilo 280 ambazo zimeshalala upande, mguu ndo unaoondoka.

Kwa hiyo usiige boda. Mwongozo huu wote ni wa kufanya kazi mapema, kabla uzito haujaanza kuinama, maana ukishainama huna cha kuufanya.

Anza kwa kujua ni tope gani

Watu wanasema "tope" kana kwamba ni kitu kimoja, wakati huku kwetu kuna matatu na kila moja lina tabia yake.

La kwanza ni moramu nyekundu, hii ni ya milimani, Kasulu, Buhigwe, Kibondo huko. Chini pagumu, juu kuna ngozi nyembamba ya utelezi, ukikanyaga ni mlenda mtupu. Barabara zenyewe zimechongwa mgongo katikati ili maji yaende mtaroni, na pikipiki nayo inapenda kwenda huko huko. Kaa juu ya mgongo, katikati kabisa, taratibu, ukisikia gari linakuja mbele simama mapema utafute sehemu bapa ya kupisha, usisubiri mpaka mmekaribiana ndo uanze kukimbilia ukingoni. Kwenye mteremko weka gia ya kwanza uache injini ikushikilie, breki ya nyuma iguse tu, ya mbele isahau, na klachi usiibane maana ukiibana umeiachia pikipiki iserereke yenyewe. Uzuri wa moramu ni kwamba jua likiwaka nusu siku tu inakuwa barabara ya kawaida.

La pili ni kichanga cha upande wa Tabora, Sikonge, Urambo, Kaliua mpaka kwenye misitu ya Ugalla. Hapa watu wanaogopa bure. Kichanga kikilowa kinashikana, ni afadhali mara mia kuliko kikavu cha Agosti ambacho tairi la mbele linacheza lenyewe. Shida yake ni madimbwi, barabara imejaa maji upana wote hujui chini kuna nini. Mara nyingi pale yanapopita magari ya tumbaku na mbao ndo pagumu hata kama panatisha, kwa sababu matairi yameshashindilia chini, na kile kinjia kikavu cha pembeni walichochonga boda na baiskeli ndo kilaini. Boxa inapita pale juu juu, wewe unazama mpaka ekseli. Hili ndo kosa namba moja la wageni, anaona alama ya tairi la boda anaifuata.

La tatu ni mbuga. Udongo mweusi. Uko kwenye mabonde ya Malagarasi na Ugalla, na ukienda upande wa Igunga unaukuta kwenye tambarare ya Wembere. Kiangazi una mipasuko unapita spidi unayotaka, ukinyeshewa saa moja tu haupitiki na pikipiki nzito, sisemi ni mgumu, nasema haupitiki. Unashika kwenye tairi, unazunguka nalo, unaokota majani na vijiti njiani unajisuka humo, unapanda mpaka unajaa chini ya madigadi ya mbele, gurudumu linasimama kabisa. We unasikia pikipiki haina nguvu unaongeza moto, yaani mafuta, unacheza na klachi, kumbe la nyuma linazunguka na la mbele limefungwa, unachochoma ni klachi. Kama una GS za zamani zile za kupozwa na hewa na oili, kabla ya 2013, klachi yake ni kavu, inaungua haraka sana na harufu yake utaijua.

Ukitaka kujua uko kwenye udongo gani, shuka chukua donge kidogo, libane kati ya kidole gumba na cha shahada ulisukume nje taratibu. Likikatika mapema na ukisikia chenga chenga za mchanga, endelea na safari. Likitoka utepe mrefu laini unaning'inia haukatiki, hiyo ni mbuga, weka stendi tafuta chai. Jua la siku moja zuri linakutosha, mawingu yakiwepo hata siku tatu. Kama mvua imekukuta katikati, panda kwenye kichuguu au mwinuko wowote usimame hapo hapo, usijidanganye kwamba zimebaki kilomita mbili.

Andaa pikipiki ukiwa bado kwenye lami

Tairi. Zile za nusu lami nusu vumbi zilizokuja na pikipiki ni nzuri kwenye rasta na vumbi, kwenye tope mifereji inajaa unabaki na kipara. Tafuta zenye meno makubwa yaliyoachana, TKC 80 na za aina hiyo, na uje nazo mwenyewe, usitegemee kukuta 150/70-18 au 170/60-17 kwenye maduka ya Kigoma mjini au Tabora, la Boxa utapata kila kona ila la kwako hamna. Kama pikipiki yako inatumia tyubu beba ya mbele moja ya ziada, ya inchi 21, ukibanwa sana unaweza kuivalisha hata nyuma kwenye 18 ikakufikisha mjini. Ya nyuma kuivalisha mbele usijaribu.

Upepo. Pikipiki nyingi za aina hii barabarani ni kama psi 36 mbele na 42 nyuma ukiwa na mzigo. Ukiacha lami shusha mpaka 25 hivi, tope likizidi 22. Tairi linalala, meno mengi yanagusa chini, na usukani unatulia unaona tofauti hapo hapo. Chini ya 20 ukiwa na mizigo usishuke, jiwe moja tu tyubu inabanwa kwenye rimu inakatwa sehemu mbili na rimu yenyewe inapinda. Beba geji yako, fundi wa kijijini pampu anayo ila anapima kwa kugonga na kisigino.

Mizigo ndo nataka tuongee vizuri. Yale masanduku ya bati la aluminiamu yanapendeza kwenye picha, kwenye tope ni adui. Ukiingia kwenye mfereji uliochimbwa na magurudumu ya Fuso yanagonga kuta za mfereji pande zote mbili, na ukianguka mguu unaingia chini ya kona ya sanduku. Tumia mabegi laini. Maji, vifaa na kila kizito kikae chini na mbele karibu na tenki, hema na nguo ndo zikae nyuma juu. Mtu anafunga dumu la lita kumi juu ya keria nyuma kabisa afu anashangaa tairi la mbele halishiki chini. Na mafuta jaza Uvinza kama unakwenda Mpanda, njiani ni pori, vijijini yanauzwa kwenye chupa, ukinunua yachuje na kitambaa.

Madigadi ya mbele, kama unajua utagusa mbuga, ifungue kabisa uifunge nyuma na kamba. Ni boliti nne tu mara nyingi, ila angalia, kwenye baadhi ya pikipiki moja ya hizo boliti ndo inashikilia mpira wa breki, usiuache unaning'inia ukaliwa na tairi.

Afu umeme. Zima traksheni kontro au weka ile modi ya enduro, maana kwenye tope tairi lazima lizunguke kidogo ili lijisafishe, sasa kompyuta inaona linateleza inakata moto, unasimama katikati ya dimbwi kwa amri ya kompyuta. ABS ya nyuma, ile inayozuia tairi lisifunge ukibana breki, nayo zima. Na kumbuka nyingi ukizima swichi zinarudi zenyewe, kwa hiyo kila ukisimama kuuliza njia ukiwasha unaanza upya. Kama yako ni Africa Twin ile isiyo na mkono wa klachi, weka manyuo ubadili gia mwenyewe, isije ikabadili gia yenyewe pabaya.

Shuka utembee, na ujue kuuliza

Kila sehemu ambayo huoni chini, shuka. Buti zako zitalowa tu hata hivyo. Pita kwa miguu mpaka ng'ambo, sikilizia pagumu pako wapi, tazama utatokea wapi kabla ya kutazama utaingilia wapi, maana kuingia kila mtu anaweza. Chagua mstari mmoja, weka vijiti viwili ng'ambo vya kukuonyesha pa kulenga.

Kuuliza nako kuna namna yake. Unakuta mzee kakaa chini ya mwembe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, pole na safari."

"Asante. Eti hapo mbele panapitika?"

"Panapitika vizuri tu."

Mzee hajakudanganya, yeye kapita asubuhi na baiskeli kaibeba begani. Kosa ni la swali. Uliza hivi: gari la mwisho limepita lini, lilikuwa gari gani, lilitoka lenyewe au lilivutwa? Ukiambiwa Fuso imepita jana yenyewe, chini pagumu. Ukiambiwa lilitolewa na trekta, we ndo usahau. Na salimia kwanza jamani, zima injini, vua helmeti, ukiwa Unyamwezini tupia na mwangaluka kama ni asubuhi. Hao hao unaowapita na vumbi ndo utawaita saa moja baadaye waje kusukuma.

Kuingia sasa

Simama kwenye vikanyagio. Magoti yaguse tenki, viwiko nje, usukani ushike kwa vidole sio kwa ngumi, uache ucheze kidogo. Watu wanaona kusimama ni mbwembwe, hapana, ukikaa uzito wote uko kwenye siti juu, pikipiki ikiyumba inakuyumbisha na wewe, ukisimama inayumba chini yako peke yake. Gia ya pili. Ya kwanza ina nguvu ya ghafla, tairi linachimba. Mwendo wa mtu anayekimbia pole pole unatosha, ila usiupunguze ukiwa ndani, moto uwe ule ule mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Macho, hapa ndo penye siri kubwa kuliko zote. Tazama vile vijiti vyako ng'ambo. Ukitazama tairi la mbele unaanza kurekebisha kila dakika unajiangusha mwenyewe, na ukitazama shimo utaingia kwenye shimo, sijui kwa nini iko hivo ila iko hivo.

Mfereji wa magurudumu, chagua mmoja ubaki nao. Tairi la mbele litakuwa linagonga ukuta huu na ule, liache. Mtu anaanguka pale anapotaka kuhama katikati, la mbele linapanda ukingo la nyuma linabaki chini, pikipiki inakaa mshazari, kwisha. Mbele likianza kuserereka usifunge moto, ongeza kidogo, la mbele linakuwa jepesi linajinyoosha. Nyuma likianza kuzunguka na husogei, hapo ni kinyume chake, acha mara moja. Kila sekunde unayoongeza unachimba kaburi la tairi, na likifika kwenye ekseli habari ni nyingine.

Ukiona inakwenda chini na imeshapita ile hali ya kurudi, iachie. Ruka pembeni. Bampa na kioo vinapatikana.

Ikilala

Vuta pumzi kwanza, zima swichi, angalia petroli kama inamwagika. Joto la huku na buti zile na jaketi ukikurupuka kuinyanyua mara mbili tatu unaishiwa nguvu kabisa. Ikiwa imelala upande wa kulia, fungua stendi kabla hujainyanyua isije ikaangukia ng'ambo ya pili, afu ingiza gia isitembee. Kunja usukani wote uelekee chini, chuchumaa ukiipa mgongo, makalio kwenye siti, mkono mmoja kwenye usukani mwingine kwenye keria au fremu, nyanyuka na miguu huku unarudi kinyumenyume hatua ndogo ndogo. Mgongo usiuinamishe. GS ina silinda zilizotoka pembeni kwa hiyo hailali kabisa, ni rahisi kuinyanyua kuliko inavyoonekana.

Ikizama

Usiivute mbele. Hii inawashinda watu kuelewa. Tairi la nyuma liko kwenye shimo lililojichimba lenyewe, kuvuta mbele ni kulipandisha ukuta. Ilaze makusudi upande mmoja, polepole, tairi litachomoka kwenye shimo. Shimo lijaze mawe, matawi, magome, chochote, isimamishe tena juu yake. Afu usipande, simama pembeni yake upande wa kushoto, washa, gia ya kwanza, klachi iachie nusu, moto kidogo sana, tembea nayo. Bila kilo zako 80 inatoka yenyewe mara nyingi. Anayesukuma nyuma asikae nyuma ya tairi, akae ubavuni ashike keria.

Ukiita vijana, bei mpatane kabla, wote wakiwepo, na umlipe mmoja mbele ya wenzake. Kisha uwaonyeshe pa kushika, maana watashika indiketa na bomba la moshi. Bomba linaunguza.

Maji

Mito midogo masika inajaa ghafla hata kama ulipo hakujanyesha. Pita kwa miguu kwanza, na uulize kama kuna mamba, kwa Malagarasi hilo sio swali la utani. Maji yakiishia kwenye ekseli endesha. Yakifika gotini na yanasukuma, usiendeshe, subiri yashuke au zunguka. Upande wa Ilagala kuna kivuko, panga foleni kama wenzio.

Pikipiki ikizimikia majini usipige stata. Narudia, usipige. Kama maji yameingia kwenye silinda hayabanwi, konrodi, ule mkono wa pistoni, inapinda, na injini hiyo haitengenezewi Kigoma. Itoe nje, fungua plagi zote, fungua boksi la filta ya hewa umwage maji, ndo upige stata plagi zikiwa nje, maji yatoke kwa nguvu kwenye matundu. Filta ianike ikauke. Tazama oili kwenye kidirisha chake, ikiwa na rangi ya chai ya maziwa imechanganyika na maji, usiondoke nayo hivo, badilisha, na baada ya kutembea kidogo badilisha tena.

Mbung'o

Pori la Uvinza kwenda Mpanda na la Ugalla wapo, na ukienda pole pole kwenye tope wanakufuata kundi zima. Wanapenda rangi nyeusi na bluu, na kitu kinachotembea, yaani wewe kabisa na jaketi lako. Vaa khaki, funika shingo, kubadilisha tyubu kafanyie palipo wazi sio kivulini. Ukipata homa au kichwa kikali wiki zinazofuata, hospitali usiseme malaria tu, mwambie daktari uling'atwa na mbung'o wapi, akupime na malale.

Ukifika

Rejeta ndo ya kwanza kuosha, tope likikauka pale injini inachemka kesho yake. Maji ya kawaida, usielekeze mashine ya kuoshea kwenye beringi za magurudumu wala kwenye rejeta kwa karibu, vile vipezi vinalala. Cheni osha, ikauke, paka oili, ila kabla ya hapo ilegeze kidogo kuliko kawaida kama kesho unarudi topeni, tope likijaa kwenye sproketi linaikaza. Gonga spoku moja moja na spana, ile inayolia tofauti na wenzake imelegea. Pedi za breki zitoe uziangalie kwa macho, tope la mchanga linazila siku moja tu, na za ziada ulipaswa uwe nazo kwenye begi.